Matroni Aliyeajiri Watani

Kama unataka kujua Matroni alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, muulize mtu mwingine. Mimi nilijaribu mara moja akanijibu kwamba maswali ya namna hiyo ni ya polisi. Ninachokijua vizuri ni jinsi alivyokuwa akiingia chumbani. Kwanza ilitangulia sauti, ikafuata harufu ya sabuni ya kufulia, halafu yeye mwenyewe, mikono ya gauni imekunjwa juu ya viwiko kama mtu anayekwenda kupigana. Kumbe anakwenda kumkata kucha bibi asiyeona.

Alikuwa mkuu wa makazi madogo ya wazee nje kidogo ya Kibiti: majengo mawili marefu ya bati, jiko, kisima, bustani ya mchicha, na wazee ambao ndugu zao walikuwa wamekwisha au wamechoka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kibiti, yaliyokuwa yamezoea kuuza kiberiti na chumvi, ghafla yalijaa mabeseni ya plastiki ya kila rangi, magodoro ya sponji, na mitumba iliyomwagwa chini kwenye maturubai. Wakati huohuo serikali ilikuwa inapunguza watu kazini, na wahudumu wa Matroni wakapunguzwa wote isipokuwa mpishi na mchota maji. Vitu vilikuwa vinaingia, watu wanatoka. Mwingine angekaa chini akalia. Matroni alizunguka sokoni macho yanamwaka, akiyabonyeza magodoro kwa ngumi, akisema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, "Haya ndiyo mambo! Mgongo wa mzee ukilalia hili, kidonda kitatokea wapi?"

Mimi nilifika kwake nikiwa na boriti begani. Lori lilikuwa limetoka Nyamisati na mzigo wa miti ya mikoko kwa ajili ya kutengeneza paa la jengo la wanaume, nami nilikuwa mmoja wa wapakuzi. Kabla ya hapo nilikata mkonge Morogoro, nikauza karanga kwenye vituo vya treni, nikalinda mashamba ya watu Mloka, napiga debe kuwafukuza nguruwe na tembo. Sikukaa popote zaidi ya msimu mmoja. Nilikuwa nataka kuona kila kitu, na kila kitu kilikuwa mahali pengine.

Matroni alisimama mbele yangu, njia ikafungika.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Wa kweli au wa kusikia?"

"Baba wa Tabora, mama wa Tabora. Mimi nimezaliwa kwenye mkonge, lakini…"

"Inatosha. Unafanya kazi gani?"

"Hii." Nikamwonyesha boriti kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imeshika.

"Iweke chini. Umeajiriwa."

Nikamwambia sina cheti chochote, shule niliiacha darasa la tano. Akacheka. "Vyeti ninavyo mimi, vinatutosha wote. Hapa nimekosa mtani."

Wanyamwezi na watu wa Pwani ni watani tangu enzi za misafara ya kubeba pembe za ndovu. Mtani wako anaweza kukukejeli mbele za watu, kukunyang'anya kofia, kukwambia sura yako imechakaa, na ukikasirika unayechekwa ni wewe. Akifiwa mtani wako unakwenda msibani kufanya vituko, unaigiza namna marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikohoa, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka huku machozi bado yapo. Hayo kila mtu anayajua. Ila sikuwahi kusikia mtu ameajiriwa kwa sababu hiyo, na ajira yenyewe ikiwa ni chakula, kitanda, na mboga zilizobaki bustanini.

Alinieleza siku hiyohiyo, tukiwa tumesimama juani, kwa haraka kama mtu anayeogopa mimi nitakimbia. Alipofika hapo kwa mara ya kwanza aliwakuta wazee wamelala wanatazama bati. Wahudumu walikuwa watu wazuri. Walisimama mlangoni wakasema shikamoo babu, shikamoo bibi, wakaweka uji karibu na kitanda wakaondoka. Hakuna aliyemgusa mtu. Kijana gani atamvua nguo mzee wa umri wa babu yake, tena mgeni kwake? Na mzee gani atakubali? Kwa heshima hiyo migongo ikaoza.

"Sasa nikaenda msibani kule Bungu," akasema, "nikaona watani wa marehemu wanavyomchezea. Mmoja kalala kwenye jeneza kagoma kutoka. Watu hoi kwa kicheko. Nikajiuliza, huyu marehemu alilala ndani miezi mingapi, hawa watani walikuwa wapi? Kwa nini tungoje afe?"

Kuanzia hapo akawa anawinda watani. Alikwenda sokoni, alikwenda kwenye magari, alisimama mbele ya wapakuzi kama alivyosimama mbele yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Mzee wa Maparoni. Tulimwita hivyo kwa sababu hakutaka jina lingine. Alikuwa amekata mikoko maisha yake yote kwenye visiwa vya delta, mtu mkubwa wa mifupa, miguu imekataa kazi, na mgongoni ana kidonda ambacho ungeweza kuweka yai ndani yake. Hakutaka kugeuzwa. Mtu akimkaribia alifumba macho na kusema kwa upole, "Niache, mwanangu."

Matroni akanisukuma ndani na beseni la maji ya moto. "Haya. Fanya ulichozaliwa nacho."

Nikasimama miguuni pa kitanda. Ukweli nilikuwa na haya. Nikavuta pumzi nikasema, "Mzee, mimi Mnyamwezi. Nimeambiwa humu kuna mla kaa mmoja amelala mpaka amepata ukungu. Ni wewe?"

Jicho moja likafunguka.

"Nani kamruhusu mbeba mizigo kuingia na viatu?"

"Sina viatu."

"Najua. Wanyamwezi mlivaa lini?"

Nikaweka beseni chini. "Geuka nikuoshe, unanuka tope la mikoko."

"Hilo tope limemsomesha mtoto. Wewe mzigo wako umemsomesha nani?" Na huku anasema, ameshaweka mkono begani kwangu, anageuka mwenyewe, anauma meno, anatukana mababu zangu mmoja baada ya mwingine. Nilimwosha mgongo wote. Matroni alikuwa nyuma yangu anashika taa ya betri juu ya kidonda, anaelekeza, "Pale pembeni, taratibu, pale," na nilipogeuka nikaona mdomo ameuziba kwa kanga ili asicheke.

Ilikuwa raha, nakuambia ukweli. Sijawahi kuifurahia kazi kama ile. Asubuhi nilikuwa naamka nikiwaza nimwambie nini leo, naye, nilikuja kujua, alikuwa halali vizuri kwa kutunga majibu. Kidonda kikaanza kuziba pembeni. Akaomba samaki. Akaomba anyolewe. Siku moja akaomba kutolewa nje, "nikaangalie kama huyu mtumwa wa misafara anajua kuchota maji au anayamwaga tu."

Matroni hakuwa mtakatifu, usije ukadhani. Alihubiri usafi wa kinywa huku mwenyewe anabugia ugoro nyuma ya jiko, na akikukuta unamwona anakutuma kitu cha mbali. Aliwataka wazee waangaliwe kwa subira, naye subira hakuwa nayo hata ya kungoja chai ipoe; aliipulizia kwa sauti kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi. Alikuwa mkali kwa mpishi mpaka yule mama akawa anajibu akiwa ameinamia sufuria. Radio yake ilikuwa imefungwa mipira kuzunguka, ikiongea mchana kutwa, na taarifa ya habari ikianza alitaka watu wote wanyamaze, kisha yeye ndiye aliyeongea juu yake.

Na kibao. Pale njiani palikuwa na kibao cha bati kilichosomeka Makazi ya Wazee Wasiojiweza. Alikitazama siku ya kwanza, akaingia ndani, akatoka na brashi na rangi ya mlango, akalipaka lile neno la mwisho. Kikabaki Makazi ya Wazee na doa refu la bluu. Aliulizwa na wakubwa mara kadhaa, akajibu kwamba rangi ilimwagika. Akimsikia mgeni analitamka neno hilo alimuuliza papo hapo, "Wasiojiweza kitu gani? Taja." Mgeni akianza kutaja, kutembea, kupika, kuona, anamwambia, "Na wewe huwezi kunyamaza, tukuite nani?"

Lakini mtu huyohuyo, aliyefuta neno la serikali kwa rangi ya mlango, alikuwa anaipenda serikali. Hilo linanishangaza mpaka leo. Aliisema serikali kama wanawake wengine wanavyowasema waume zao: mchana kutwa anailalamikia, ukimuunga mkono anakugeukia. Barua ikija na muhuri alinawa mikono kabla ya kuifungua. Amri aliitii, na akiwa haipendi aliitii kwa haraka zaidi, ili iishe.

Ndipo akaja Afisa.

Alikuja asubuhi bila taarifa, bwana mmoja mwembamba aliyetumwa na wakubwa kukagua makazi madogo na kusema lipi libaki na lipi lifungwe, maana wakubwa walikuwa wanafikiria kuwakusanya wazee wote kwenye makazi makubwa ya bara. Alikuwa mtulivu, hakuwa na majivuno. Akatembea peke yake kwenye veranda. Akafika mlango wa Mzee wa Maparoni wakati ule niko na beseni, nasema kwa sauti yangu yote, "Wewe mla kaa, utakufa lini na mimi nipumzike?"

Mzee alikuwa anavuta pumzi kujibu. Alipomwona mgeni mwenye suruali ya pasi, akanyamaza kwa adabu. Kwa hiyo Afisa alisikia tusi tu. Jibu hakulisikia.

Angekuwa ameishia hapo, labda Matroni angemweleza. Hakuishia hapo. Alivuka kwenda jengo la wanawake, na huko alimkuta mchota maji amesimama kwenye chumba cha Bibi Dirishani. Huyu ndiye yule bibi asiyeona. Aliitwa hivyo kwa kuwa alikaa dirishani kutwa, anawatambua watu kwa miguu yao. Mchota maji alikuwa mtu mzima, wa palepale Kibiti, si mtani wa Bibi kwa upande wowote. Alisikia sisi tunatukana watu wanacheka, akadhani ni ruhusa kwa wote. Alikuwa anamwambia, "Kizee kipofu wewe, unakula bure, maji yenyewe unamwaga." Bibi hakujibu kitu. Aligeuza uso ukutani.

Afisa akatukusanya Matroni, mpishi, mchota maji na mimi pale uani, na wazee waliokuwa vibarazani wanasikia.

"Nimewahi kuona mahali pengine wazee wanapigwa," akasema. "Kulianza kwa maneno. Sitaki kuyaona tena."

"Bwana, ule ni utani," Matroni akasema. "Huyu kijana Mnyamwezi…"

"Mama, utani naujua, nami nina watani wangu. Yule bibi aligeukia ukutani. Huo nao ni utani?"

Matroni akamgeukia mchota maji.

Afisa akasema atarudi baada ya mavuno ya mpunga. Kuanzia sasa ni lugha ya heshima kwa kila mzee, na siku akirudi akasikia tusi hata moja, au akakuta wazee wamedhoofu, ataandika kwamba makazi yafungwe na wazee wapelekwe bara.

Mzee wa Maparoni alinishika mkono nilipokwenda kumfunika. Hakutania. "Huko bara nikifa nani atanizika?" akaniuliza. "Watu ambao hawajui hata Maparoni iko upande gani? Nitalala kwenye udongo mwekundu, mimi?"

Nilimtafuta Matroni nikamkuta nyuma ya jiko, ugoro mkononi, hakujaribu hata kuuficha. "Hayo ya Bibi niliyasikia," akasema. "Siku nyingi tu nilikuwa nasikia sauti ya yule mchota maji kule, nikajiambia ni raha ya kazi. Afisa kasikia mara moja akajua." Akasimama, akamwondoa mchota maji kwenye vyumba vya wazee, akamwambia mpaka wake ni kisima na jiko. Kisha akatangaza: utani basi.

Nikawa mtu wa heshima. Nilisimama mlangoni nikasema, "Shikamoo babu. Naomba nikugeuze."

"Marahaba. Niache, mwanangu."

"Babu, uji huu."

"Weka tu hapo."

Ni vigumu kueleza jinsi sauti ilivyoondoka mahali pale. Wazee walirudi kutazama bati. Mmoja aliyekuwa akinifukuza kwa fimbo kila nikipita, aliiegemeza fimbo ukutani. Mzee wa Maparoni aliacha samaki, akaacha na uji. Kidonda kilichokuwa kimebaki kama sarafu kikaanza kufunguka tena. Matroni alikuwa anaingia mara kwa mara, anabonyeza kwa ngumi yake lile godoro jipya la sponji alilomnunulia, kana kwamba godoro ndilo lenye kosa. Aliongeza mito. Alinunua sweta ya mtumba yenye picha ya theluji. Alipika mwenyewe kambamiti wa nazi. Mzee alimshukuru kwa kila kitu, na hakula.

Wafukuza ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mpunga mabondeni. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na Afisa angemkuta Mzee mifupa mitupu. Ama angekuta tusi. Popote Matroni alipogeukia palikuwa na lori la kwenda bara.

Asubuhi moja aliniita kwa nguvu. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Njoo na beseni. Mtukane."

"Matroni, amri ya serikali…"

"Hapa serikali ni mimi. Mtukane, nimesema!"

Tukaingia wote wawili. Mzee alikuwa amelala kifudifudi, macho yamefumba. Nikasema, "Mla kaa wewe. Hata kufa umeshindwa, unalala nusunusu."

Kimya.

Nikataka kuongeza. Matroni akanikamata mkono. "Basi," akanong'ona, na alikuwa hajui kunong'ona, ilikuwa sauti ya kawaida ya watu wengine. "Sema mara moja tu. Asipojibu, nyamaza. Yule bibi hakupewa nafasi ya kujibu. Asipojibu siyo utani tena, utakuwa unampiga."

Tukangoja. Nilisikia maji yanapoa kwenye beseni, kama maji yana sauti ya kupoa. Matroni hakukaa. Alisimama tuli, mwanamke asiyeweza kungoja chai, na akangoja.

Mwisho Mzee akasema, bila kufungua macho, "Mbeba mizigo. Umechelewa. Nilidhani umerudi Tabora kuoa punda."

Matroni alipiga ukelele! Alipiga kigelegele pale chumbani, mpishi akaja mbio na mwiko akidhani pametokea msiba. Mzee akageuka. Nikamwosha, akanitukana mpaka maji yakawa baridi kabisa, na adhuhuri akala wali na wale kambamiti aliokuwa amewakataa, akalalamika kwamba chumvi haikutosha.

Kutoka siku hiyo tukawa na sheria, na Matroni aliifundisha kwa kidole kilichonyooka mbele ya pua ya kila mtu. Utani ni kwa mtani tu. Sema moja, ngoja. Ukijibiwa, endelea. Usipojibiwa, omba radhi, sema shikamoo, fanya kazi yako kwa adabu. Yeye mwenyewe, ambaye hakuwa mtani wa yeyote mle ndani, aliishia kwenye shikamoo, na ilimuuma. Siku nyingine nilimwona anazuia tusi zuri mdomoni kama mtu aliyeshika chafya.

Afisa akarudi kama alivyosema. Mpunga ulikuwa umeshaingia ndani. Matroni hakuficha kitu. Alivaa kanga mpya, akawatoa wazee wote uani, na kabla hajapata salamu akasema, "Bwana, amri yako nimeivunja. Nimeivunja nusu, na nusu nimeishika kuliko ulivyoitoa. Waulize wenyewe."

Afisa akakaa. Akaanza na Bibi Dirishani, kwa upole, akainama karibu yake. "Bibi, hapa wanakutukana?"

"Yule wa maji alikuwa ananitukana," Bibi akasema. "Alikuwa ananitukana kwa kuwa sioni. Siku hizi haji, na akija nitamjua kwa miguu. Ila huyu Mnyamwezi ni wa kwetu. Ananiambia macho yangu nimeyakopesha sijarudishiwa. Nami namwambia yeye yake alipewa ya nini, kama ameshindwa kumwona mke wa kuoa?"

Uani pakachafuka kwa kicheko. Nikatazama chini.

"Ukimwondoa huyo," Bibi akaendelea, "niondoe na mimi."

Afisa akamgeukia Mzee wa Maparoni, aliyekuwa kwenye kiti, sweta ya theluji mwilini katika joto lile. Hakuuliza kitu. Aliomba aone mgongo. Mzee akainama mwenyewe. Afisa akatazama pale palipokuwa na kidonda kwa muda, akarudisha sweta taratibu akainyoosha.

"Na asiyeweza kujibu?" akamuuliza Matroni. "Aliyepooza ulimi. Yule wa kitanda cha mwisho, nimemwona. Sheria yako inamfanyaje?"

Matroni alifikiri. Nilimwona anafikiri, na akakubali wote tumwone. "Sikuwa nimefika huko," akasema. "Huyo asitaniwe. Huyo apate mtu wa kukaa naye tu."

"Achague mwenyewe huyo mtu. Kwa jicho, kwa mkono, kwa namna anayoweza. Na hawa wengine nao wachague. Usiwapangie, hata kama kabila linaruhusu."

"Hilo zuri!" Matroni akaruka kama mtu aliyeona godoro jipya sokoni. "Wachague! Mbona sikuliwaza hilo? Bwana, wewe ungekuwa unakuja mara nyingi!"

Afisa akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema makazi yatabaki, na kwamba ataandika kuwa hapa kila mzee anamchagua anayemwosha. Mzee wa Maparoni akamuuliza kwa adabu kubwa kama anaweza kubadilisha, maana huyu aliyenaye mikono yake ni ya kubebea boriti.

Sikubadilishwa. Mzee alikaa nasi mpaka alipokufa, misimu kadhaa baadaye, na hakufia bara. Tulimpeleka kwao kwa boti ya mashine, na pale makaburini nilijilaza njiani nikagoma kuondoka, nikamwigiza anavyokataa kugeuzwa, mpaka wajukuu zake wakanitoa kwa kunirushia tope. Baada ya hapo miguu ikaanza kuniwasha tena, nikaondoka. Nilipita Kilwa, nikapita Songea, nikavuka mpaka wa nchi nikarudi.

Nilirudi Kibiti baada ya miaka mingi. Nikamuulizia Matroni, nikaambiwa amestaafu zamani, amepata kiharusi, yumo palepale kwenye makazi, lakini sasa kama mzee. Niliingia nimebeba samaki wa kukaanga. Nilimkuta ameketi kitandani, upande wa kulia umelegea, mdomo umepinda kidogo, sauti haijapungua hata kidogo.

"Umezeeka vibaya," akaniambia. "Kaa."

Mkuu mpya wa makazi, binti mpole, alinivuta pembeni. Matroni alikuwa amekataa kuoshwa na kila mtu. Alikuwa anawaambia wote wanakuja na nyuso za msibani. Haki ya kuchagua anayo, aliiweka mwenyewe, na anaitumia kukataa. Ngozi ya nyonga ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Nikarudi ndani nikakunja mikono ya shati. "Matroni, niachie mimi, nitakutafutia mama wa kukuosha, na nitakaa hapo mlangoni nikuchekeshe."

"Wewe hapana." Alisema mara moja. "Wewe si mtani wangu, na wewe utanionea huruma. Nimekuona ulivyoingia, macho yako yalikwenda kwenye huu mkono kabla ya kunisalimia. Mimi Mmatumbi, wa milimani, si wa Pwani. Watani zangu Wangoni. Nenda sokoni ukaniletee Mngoni, mwanamke, asiwe mpole."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya wauza nguo, wauza nazi, wauza vitumbua, nikiuliza kila mwanamke kabila lake, na nusu yao walidhani natafuta mchumba. Kwenye upande wa dagaa nilimpata mama mmoja mnene mwenye kilemba, Mngoni aliyezaliwa Peramiho, ambaye aliposikia kuna Mmatumbi mkaidi amelala anangoja kuoshwa, aliufunika mzigo wake kwa gunia bila kuuliza swali la pili.

Aliingia chumbani akasimama, mikono kiunoni. Akamtazama Matroni kuanzia nywele mpaka vidole.

"Huyu ndiye Mmatumbi mwenyewe?" akaniuliza. "Mbona nimeambiwa ni mtu? Mimi naona gunia la mihogo limeegemezwa ukutani."

Kisha akanyamaza. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kungoja, lakini alingoja. Yule binti mkuu wa makazi alishika mlango kwa wasiwasi.

Matroni alimkagua taratibu, kama mtu anayebonyeza bidhaa kwa ngumi.

"Mngoni," akasema, "babu yako alikuja kutuibia ng'ombe, akakuta hatuna. Akarudi na aibu mpaka leo mnayo usoni. Umenawa hiyo mikono?"

"Nimenawa. Kwa sababu yako nitanawa tena nikimaliza."

"Huyu," Matroni akatuambia. "Ninyi wengine tokeni." Na akanyoosha juu mkono wake mzima, ainuliwe.